Pikipiki ya Mkono wa Pili katika Viunga vya Dar es Salaam

Zamani, kabla viunga vya Dar es Salaam havijaenea hata kuipita Mbagala upande wa Temeke na Tegeta upande wa Kinondoni, pikipiki ilikuwa chombo cha watu wachache wenye dhamana, kama vile bwana shamba, padri na askari. Na raia wa kawaida aliyeitamani aghalabu aliipata ikiwa imekwisha kuchoka, kwa mnada au kwa mkono wa sahibu yake. Kununua chombo kilichotumika, basi, ni desturi kongwe. Wingi wa vyombo hivyo ndio uliokuja karibuni.

Katika historia hii injini moja yastahili kutajwa peke yake. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa CG125, ambayo wahandisi wake, baada ya kubaini kwamba katika nchi nyingi wenye pikipiki huzipakia kupita kiasi na hukawia kubadili oili, waliacha mnyororo wa kuendeshea vali, wakatia mahali pake fito za kusukuma, ambazo huvumilia zaidi kupuuzwa. Viwanda vya China viliiga injini hiyo, na katika miaka ya 2000 ikamiminika kwetu kwa bei nafuu, chini ya majina kama SanLG na Fekon, hata fundi wa chini ya mwembe Tandika au Mwananyamala, mwenye spana chache na turubai kuukuu, akaweza kuifungua na kuifunga bila kitabu. Baadaye Boxer na TVS za India zikapendwa kwa kuwa hunywa mafuta kidogo.

Bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilipata makazi yake ya kweli katika viunga vyetu, kwa kuwa daladala huishia barabara kuu, na kutoka kituoni hadi nyumbani ni mchanga wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika. Kanuni za mwaka 2010, zilizosimamiwa na SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, ziliihalalisha; na pamoja nayo ukashamiri mkataba, ambao kwao tajiri humkabidhi kijana pikipiki mpya, kijana akapeleka hesabu kila siku au kila juma, hata fedha iliyokubaliwa itimie na chombo kiwe chake. Kufikia siku hiyo pikipiki imekwisha kufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, pengine mikononi mwa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, asiye na uchungu nayo, ikibeba abiria wawili, magunia ya mkaa na madumu ya maji. Na aghalabu ndipo huuzwa, imepakwa rangi, kwa kijana anayejifunza.

Kutokana na hali hiyo vijiweni pamezaliwa elimu ya ukaguzi, nami naiheshimu sana. Mita haiaminiwi, maana waya wake huchomolewa. Hutazamwa meno ya sproketi, mipira ya kukanyagia, na fremu chini ya kiti, mahali panapofichwa alama za kuchomelewa. Injini huguswa kabla ya kuwashwa, kwa sababu muuzaji mwenye hila huipasha moto mapema, ilhali moshi wa buluu wa injini inayokula oili huweza kudhihirika ikiwashwa baridi. Kisha hutazamwa kadi ya usajili. Zimo pikipiki zilizopita mikono mingi bila umiliki kuhamishwa katika Mamlaka ya Mapato (TRA), na mnunuzi asiyelinganisha namba za injini na chesi na zile za kadi huweza kunyang'anywa chombo katika kituo cha polisi, fedha yake ikapotea bila dawa.

Kwa rai yangu, anayeanza na achague ya cc 125 kuliko ya cc 150, yenye kimo kinachomruhusu kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili, na asiionee haya rangi iliyochubuka. Wadi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimelaza vijana wengi mno waliopewa ufunguo kabla ya mafunzo. Ewe kijana wa Buza au Goba unayekusanya fedha yako, nenda asubuhi, pamoja na fundi uliyemchagua mwenyewe. Andikianeni mbele ya mashahidi. Na kabla hujahesabu bei ya pikipiki, tenga kwanza bei ya kofia ngumu na ada ya mafunzo.