Sumu Ambayo Hakuna Aliyeiagiza

Jumamosi, tarehe 10 Julai 1976, saa 6:37 mchana, wingu zito lilifoka kutoka kiwanda cha ICMESA mjini Meda, kaskazini mwa Milano, Italia. Upepo ukalisukuma hadi Seveso, mji wa jirani.

Kiwanda kilitengeneza triklorofenoli, malighafi ya dawa ya kuua vijidudu iliyotiwa kwenye sabuni. Siku hiyo mitambo ilizimwa kwa mapumziko ya wikiendi kabla kazi haijakamilika. Mchanganyiko ukabaki tangini, moto, bila kukorogwa, hadi ukachemka wenyewe. Joto likipita kiasi, triklorofenoli huungana yenyewe kwa yenyewe na kuzaa dioksini iitwayo TCDD. Sumu hiyo haikuwa na mnunuzi, wala haikuandikwa kwenye lebo yoyote.

Kidogo chake hujitokeza triklorofenoli inapotengenezwa, hata pasipo ajali. Ndivyo ilivyojipenyeza katika Agent Orange, dawa ya kuua mimea ambayo jeshi la Marekani lilinyunyiza Vietnam miaka ya 1960.

Wenye viwanda hawawezi kusema hawakujua. Mwaka 1957, daktari wa ngozi Karl Schulz wa Hamburg alikwishaonyesha kwamba sumu hiyohiyo ndiyo iliyowatoa vipele vibaya wafanyakazi wa triklorofenoli. Kutokusudia si kutojua, na Seveso ililipia tofauti hiyo.

Sungura na kuku walianza kufa. Watoto wakavimba nyuso. Watu wapatao 200, wengi wao watoto, wakapata chunusi sugu za klorini. Hata hivyo, familia za eneo lililoathirika zaidi zilianza kuhamishwa tarehe 26 Julai, siku 16 baadaye. Siku kumi na sita za kula mboga za bustani na kuacha watoto wacheze nje! Baadaye makumi ya maelfu ya mifugo ilichinjwa, sumu isifike mezani.

Mwaka 1982 Ulaya ilitunga sheria ya ajali za viwandani inayobeba jina la Seveso. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, umezipa sumu zinazozalishwa bila kukusudia, kama dioksini, orodha yake.

Orodha hiyo inagusa pia uchomaji wa taka mahali pa wazi. Plastiki ya PVC ina klorini, na ikiungua uani hutoa dioksini. Tafadhali, msomaji, usiichome.