Theluthi tatu za Yorkshire

YORKSHIRE, iliyoko kaskazini mwa Uingereza, ndiyo iliyokuwa kaunti kubwa kuliko zote nchini humo. Tangu enzi za Wadenmaki, walioteka mji wa York mnamo 866, iligawanywa sehemu tatu: Mashariki, Kaskazini na Magharibi. Kila sehemu iliitwa Riding, neno la asili ya Kiskandinavia lenye maana ya theluthi. Halihusiani kamwe na kupanda farasi, ingawa wengi hudhani hivyo. Mji wa York wenyewe haukuwa katika theluthi yoyote.

Chini ya theluthi hizo palikuwa na tarafa zilizoitwa wapentake, jina lililotokana na desturi ya kushika silaha barazani. Mwaka wa 1889 kila Riding ilipata baraza lake la kaunti, makao yakiwa Beverley, Northallerton na Wakefield.

Aprili 1, 1974, zote tatu zilifutwa kwa sheria ya 1972. Uchungu ulizidi upande wa mashariki, ambako wakazi walijikuta katika kaunti mpya ya Humberside pamoja na watu wa Lincolnshire, ng'ambo ya mto Humber. Hata daraja lililofunguliwa 1981 halikuwapatanisha na jina hilo. Humberside ilivunjwa 1996 na East Riding ikarudi rasmi, ijapokuwa jiji la Hull lilibaki na baraza lake. Theluthi nyingine mbili hazikufufuliwa. Katika North Yorkshire, mabaraza saba ya wilaya yalivunjwa Aprili 2023, na kazi zake zikakabidhiwa baraza moja lenye makao Northallerton.