Usicheke Boda Inayong'aa

Watu wa Kitale wakiona napiga pikipiki polishi nyumbani, wanasema natafuta sifa tu. Wasome historia kwanza. Boda boda ilianza na baiskeli miaka ya 1960, mpakani Busia, si mbali na Bungoma. Black Mamba, kiti cha sponji nyuma, injini ni miguu yako. 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zikajaa barabarani.

Mimi ndio naanza kujifunza, lakini hii najua: osha vumbi kwanza, kivulini, tangi likiwa baridi. Ukisugua juu ya mchanga, hiyo ni msasa. Abiria haoni breki zako, anaona vile unatunza chombo. Mtu wa boda hana ofisi ingine. Wacheni aing'arishe.