Kufunga chambo cha manyoya: Kitabu gani kinamfaa anayeanza Dar?

Kwa kijana wa Magomeni anayevua kwa mshipi, chambo ni dagaa, kamba au ngisi wa Feri, na jua likipanda kinaanza kunuka. Lakini kuna chambo kisichooza: manyoya, nywele za mnyama na uzi, vikifungwa kwenye ndoano mpaka samaki adhani ni dagaa anayeogelea. Wavuvi wa burudani wanakiita flai. Jirani zetu Kenya, kufunga flai ni ajira kabisa, na zinauzwa hadi Ulaya.

Hapa Dar, anayetaka kujifunza anabaki na simu yake na kitabu. Shida ni kwamba vitabu vingi vya kazi hii ni vya Kiingereza na vya kuagiza nje, hivyo kukosea kuchagua ni hasara ya bei na ya usafiri pia.

Kosa kubwa liko kwenye samaki. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya trauti, samaki wa maji baridi kama wale waliopelekwa mito ya milima ya Kenya mwaka 1905. The Fly Tying Bible cha Peter Gathercole kina picha za hatua kwa hatua na kinasifiwa sana, ila flai zake 100 ni za trauti na samoni. Kolekole wa Bahari ya Hindi hana habari nazo.

Kwa mtu wa pwani, kinachofaa zaidi ni Saltwater Fly Patterns cha Mmarekani Lefty Kreh. Huyu ndiye aliyebuni Lefty's Deceiver, flai ya manyoya marefu ya jogoo inayoiga samaki mdogo, ambayo mwaka 1991 iliwekwa hadi kwenye stempu ya Marekani. Nyingine ya kujifunza mapema ni Clouser Minnow ya Bob Clouser: ina macho ya risasi, inazama haraka na ndoano inaogelea ncha juu. Hizo mbili zinatosha kwa miezi ya mwanzo.

Kuna pia The Fly Tier's Benchside Reference cha Ted Leeson na Jim Schollmeyer, cha mwaka 1998. Ni zigo la kitabu. Hakisomwi mwanzo hadi mwisho. Kinafunguliwa pale uzi unapokatika au manyoya yanapogeuka upande. Kizuri mno, lakini kiwe cha pili.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afungue kurasa za mfano kwenye simu asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Je, kila hatua ina picha? Namba ya ndoano imetajwa? Namba hizi huchanganya: kutoka 1 kwenda 16 ndoano inazidi kuwa ndogo, lakini 1/0, 2/0 na 3/0 zinazidi kuwa kubwa. Za baharini ziwe zisizoshika kutu.

Vitabu vya zamani navyo vina mtego wake. Baadhi vinataka nywele za sili au manyoya ya ndege wa porini. Tanzania, manyoya ya ndege pori ni nyara za serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi. Kitabu kizuri ni kile kinachotaja mbadala, au kinachoeleza kila kitu kinafanya kazi gani majini ili msomaji atafute mwenyewe.

Na mbadala upo. Nywele ndefu za mbuzi zinashika nafasi ya mkia wa swala wa Marekani. Uzi imara na nyuzi za kung'aa zipo maduka ya vifaa vya cherehani Kariakoo. Jiliwa ndogo ya kubana ndoano hupatikana kwa wauza vifaa vya ufundi. Manyoya ya jogoo ni ya kuongea na wachinja kuku sokoni, ila yanyofolewe kabla kuku hajatiwa maji ya moto.