Mafunzo ya Uzamili ya Tiba Kazi

Mafunzo ya uzamili ya kuingilia tiba kazi ni kozi ya chuo kikuu inayompokea mtu mwenye shahada ya kwanza ya fani nyingine na kumwandaa asajiliwe kuwa mtaalamu wa tiba kazi. Nchini Uingereza, inayotazamwa zaidi katika makala haya, kozi hiyo kwa kawaida huchukua miaka 2 ya masomo ya kutwa, ilhali shahada ya kwanza ya tiba kazi mara nyingi huchukua miaka 3. Mhitimu hutoka akiwa na uwezo wa kumsaidia mtu ambaye ugonjwa, ajali, ulemavu au uzee umemzuia kufanya shughuli zake: kuoga, kuvaa, kupika, kulea watoto, kwenda shule, kuendesha gari, kurudi kazini. Miongoni mwa vyuo vilivyofundisha kozi hiyo ni Oxford Brookes, Brunel University London na University of East Anglia.

Kozi hiyo isichanganywe na uzamili wa kujiendeleza, unaosomwa na wataalamu ambao tayari wamesajiliwa na wanataka kubobea katika eneo fulani, kwa mfano tiba ya mkono au afya ya akili ya watoto.

Kupokea watu waliotoka fani nyingine kulianza pamoja na taaluma yenyewe. Machi 1917, watu 6 walikutana Clifton Springs, jimbo la New York, katika nyumba ya George Barton, wakaunda chama cha kwanza cha kuendeleza tiba kazi Marekani. Barton alikuwa msanifu majengo aliyewahi kuugua kifua kikuu na kupooza upande wa kushoto, akajirudishia nguvu kwa useremala na kilimo cha bustani. William Rush Dunton alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Eleanor Clarke Slagle alitoka katika ustawi wa jamii, Susan Cox Johnson alikuwa mwalimu wa kazi za mikono, Thomas Kidner naye alikuwa msanifu majengo aliyeshughulikia mafunzo ya askari majeruhi wa Kanada, na Isabel Newton alikuwa katibu. Muuguzi Susan Tracy, aliyekwisha kuandika kitabu cha kufundisha shughuli kwa wagonjwa, hakuweza kuhudhuria lakini huhesabiwa kati ya waasisi. Kila mmoja alileta alichokijua.

Uingereza nayo ina historia ya namna hiyo. Elizabeth Casson, kabla ya kusomea udaktari akiwa na zaidi ya miaka 30, alifanya kazi London chini ya Octavia Hill, mwanamke mashuhuri kwa kusimamia nyumba za watu maskini. Alipokuwa daktari katika hospitali ya magonjwa ya akili, alitaabishwa na kuona wagonjwa wakishinda kutwa wamekaa bila la kufanya. Jumatatu moja aliingia wodi ya wanawake akakuta hali imebadilika kabisa: wauguzi walikuwa wameleta karatasi laini za rangi na matawi makavu, na wagonjwa walikuwa wamekaa vikundi vikundi wakitengeneza maua na majani ya kupamba Krismasi. Tukio hilo halikumtoka. Mwaka 1926 alitembelea chuo cha tiba kazi cha Boston, na mwaka 1930 akafungua Dorset House mjini Bristol, chuo cha kwanza cha taaluma hiyo Uingereza. Baadaye chuo hicho kilihamia Oxford na hatimaye kikawa sehemu ya Oxford Brookes. Kwa miongo mingi sifa ya kuingilia taaluma ilikuwa diploma. Shahada ya kwanza ilifuata, na uzamili ukaja baada yake.

Wanaoomba nafasi ni wa kila aina. Wengi wana shahada ya saikolojia, sayansi ya michezo, biolojia au sosholojia, lakini darasani hukutwa pia waliosomea sanaa, lugha, sheria au ualimu, wengine wakiwa wamekwisha kufanya kazi kwa miaka. Chuo hutaka kujua kama mwombaji anaielewa kazi hii, kwa hiyo aliyejitolea katika nyumba ya wazee, shule ya watoto wenye ulemavu au kituo cha walionusurika kiharusi huwa na la kusema kwenye usaili. Rekodi ya makosa ya jinai hukaguliwa, afya na chanjo pia. Anayetoka nchi isiyo ya Kiingereza huombwa alama za juu za mtihani wa lugha, mara nyingi IELTS 7. Kiwango hicho huwashinda baadhi ya watu werevu, lakini kina sababu: mwanafunzi atazungumza na mgonjwa aliyechanganyikiwa, ataandika kwenye jalada lake, na daktari atategemea alichoandika.

Masomo huenda kwa kasi. Anatomia, mfumo wa neva, saikolojia, sosholojia, sheria za huduma na mbinu za utafiti hubanwa ndani ya miezi michache, na mwanafunzi hutarajiwa ajisomee sana. Vyuo vingi hufundisha kwa visa: kikundi hupewa habari za mgonjwa mmoja, kikagawana maswali, kila mtu akaenda kutafuta majibu na kurudi kuwafundisha wenzake. Hapo shahada ya zamani huanza kulipa. Aliyesomea sosholojia huuliza nani anampikia mgonjwa, wa michezo huutazama msuli, mwalimu huona jinsi ya kugawa somo katika hatua ndogo.

Somo lililo kiini cha yote ni uchambuzi wa shughuli. Mwanafunzi hujifunza kuichukua shughuli ya kawaida na kuifumua mpaka aone inadai nini kwa mwili, akili na hisia. Mfano unaotumika mno katika hospitali za Uingereza ni kutengeneza kikombe cha chai. Mgonjwa aliyepata kiharusi huletwa kwenye jiko dogo la mazoezi, na mwanafunzi husimama karibu naye kiasi cha kumdaka akiyumba, lakini mbali kiasi cha kutomwingilia. Je, anakumbuka kujaza maji kabla ya kuwasha birika la umeme? Analishika birika kwa mkono upi, na mkono wa pili unafanya nini? Kikombe kilichowekwa kushoto anakiona, au anatafuta upande wa kulia tu huku kikombe kiko pale pale? Hilo la mwisho linaweza kuonyesha kwamba ubongo umeacha kuujali upande wa kushoto, tatizo ambalo mgonjwa mwenyewe huenda asilitambue. Kipimo kimoja rasmi cha aina hii, kilichobuniwa na Anne Fisher, hutazama stadi 16 za mwili na stadi 20 za kupanga na kufuatisha kazi.

Kuna tahadhari inayostahili kusisitizwa hapa. Mama kutoka Mombasa au Bujumbura aliyelazwa London, ambaye maisha yake yote amechemsha maji, majani na maziwa pamoja kwenye sufuria, anaweza kuonekana amepotea mbele ya birika la umeme na kifuko cha majani ya chai. Mwanafunzi makini huuliza kwanza: nyumbani chai unaipikaje? Kipimo cha shughuli ambayo mtu hajaizoea hakimpimi mtu huyo.

Nadharia nazo zina nafasi yake. Modeli iliyoasisiwa na Gary Kielhofner na kuchapishwa mwaka 1980 humtazama mtu kwa utashi wake, mazoea yake na uwezo wake wa kutenda, vyote ndani ya mazingira anamoishi. Kutoka Kanada kuna kipimo cha COPM, ambamo mgonjwa mwenyewe hutaja shughuli zinazomsumbua, kisha hutoa alama kati ya 1 na 10 kwa anavyozitenda na anavyoridhika nazo. Alama zikipanda kwa 2, badiliko hilo huhesabiwa kuwa la maana. Michael Iwama na wenzake huko Japani waliona kwamba nadharia za Magharibi humfikiria mtu kama aliye peke yake, wakatunga modeli ya Kawa inayoyachora maisha kama mto wenye mawe, magogo na kuta, maji yakipita katikati. Kwa msomaji aliyelelewa katika jamii ambamo mgonjwa ni wa ukoo mzima, hoja ya Iwama ina uzito mkubwa kuliko vitabu vingi vya Kiingereza vinavyokubali.

Sehemu ngumu, na yenye thamani kuliko zote, ni mafunzo kazini. Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi, lililoundwa mwaka 1952 na vyama vya nchi 10, linataka kila mwanafunzi atimize angalau saa 1,000 za mafunzo hayo. Kozi ya miaka 2 haipunguziwi hata saa moja. Ufupi wake hupatikana kwa kula likizo. Saa hizo hugawanywa katika vipindi vya wiki kadhaa, kila kimoja mahali tofauti: wodi ya mifupa, kitengo cha afya ya akili, huduma za jamii, shule, gereza.

Katika wodi ya mifupa mwanafunzi hupima urefu wa mguu wa mgonjwa kutoka nyuma ya goti hadi chini, kisha hulinganisha na urefu wa kiti, kitanda na choo cha nyumbani kwake. Aliyewekewa nyonga bandia akirudishwa kwenye kochi la chini mno, hatainuka. Katika kliniki ya mkono hukata plastiki maalumu, huilainisha kwenye maji ya moto na kuifinyanga juu ya mkono wa mgonjwa iwe banzi, akiwa na dakika chache tu kabla haijapoa na kuwa ngumu. Akibonyeza vibaya kwa kidole gumba, alama atakayoiacha itamchubua mgonjwa ngozi usiku. Kwenye ziara ya nyumbani huhesabu ngazi na kutazama zulia linaloteleza, na hupaswa kusikiliza pia: bibi anayekataa vishikio vya ukutani bafuni pengine anahofia nyumba yake kugeuka hospitali.

Vyuo vingine humpeleka mwanafunzi mahali ambapo hakuna mtaalamu wa tiba kazi kabisa, kama makazi ya wasio na nyumba au kituo cha wakimbizi, na msimamizi akamfuatilia kwa mbali. Ni mtihani mkali. Mwanafunzi hulazimika kueleza kazi yake kwa watu ambao hawajawahi kuisikia, na hapo anayejua na anayekariri hutofautiana haraka.

Gharama si ndogo. Hadi mwaka 2018 wanafunzi wa Uzamili England walisaidiwa na NHS, mfumo wa afya wa taifa. Waliofuata walielekezwa kwenye mikopo. Tangu Septemba 2020 wenye sifa hupata pauni 5,000 kwa mwaka zisizorudishwa. Mwanafunzi wa kimataifa kwa kawaida hapati fedha hizo, na ada yake ni kubwa zaidi, jambo ambalo Mwafrika Mashariki anayefikiria njia hii anapaswa kulipigia hesabu mapema.

Mhitimu huomba usajili kwa HCPC, baraza linalosimamia taaluma 15 za afya na huduma. Cheo cha mtaalamu wa tiba kazi kinalindwa na sheria, na anayekitumia bila kusajiliwa anatenda kosa. Usajili huhuishwa kila baada ya miaka 2, na baadhi ya waliosajiliwa huteuliwa kuonyesha walivyoendelea kujifunza.

Kwingineko milango imepangwa vingine. Kanada ilifanya Uzamili kuwa kiwango cha kuingilia taaluma kuanzia 2008, Marekani mwaka mmoja kabla. Mwanafunzi wa Marekani hutakiwa wiki 24 za mafunzo kazini ya kutwa, kisha mtihani wa taifa na leseni ya jimbo. Mwaka 2017 bodi ya ithibati huko iliagiza shahada ya udaktari wa tiba kazi iwe ndiyo njia pekee, lakini baada ya mabishano ikaamuliwa Uzamili na udaktari viendelee pamoja. Afrika Kusini, ambako chuo kikuu cha Wits kilianza kufundisha taaluma hii mwaka 1943, imeshikilia shahada ya kwanza ya miaka 4, na Uzamili ni wa waliokwisha kuhitimu.

Afrika Mashariki, walio wengi waliingia kwa diploma: Kenya kupitia chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, Tanzania kupitia chuo kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi. Rwanda ilianzisha shahada ya kwanza katika chuo kikuu chake. Mwenye shahada ya saikolojia Dodoma au Kisumu anayetaka kubadili njia kwa kawaida huanza upya kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ingawa eneo hili lina watoto wenye mtindio wa ubongo na majeruhi wa bodaboda wanaomhitaji. Njia ya miaka 2 ingewavuta watu wazima wenye ujuzi tayari, lakini ingedai wasimamizi wa kutosha kubeba zile saa 1,000, na wasimamizi ndio waliopungua.

Mhitimu wa Uzamili anayeajiriwa na NHS huanzia daraja la 5, sawasawa na aliyesoma shahada ya kwanza. Kwa kawaida hupangiwa kazi ya kuzunguka vitengo, miezi kadhaa kwa wazee, kisha mishipa ya fahamu, kisha afya ya akili, kabla ya kuchagua atakapobakia na kuomba daraja la 6.