Kardani ya Lotus Elan: namna Waingereza walivyookoa gari ambalo piesi zake zilikwisha

Butembo. Wiki mbili zilizopita, katika garaji moja ya hapa mjini, nilimkuta papa mmoja fundi aliyekimbia vita kutoka kijijini kwake. Siku ile ya kukimbia aliacha nyumba, mbuzi na sanduku zima la funguo. Kitu cha kazi alichobeba ni daftari moja, ambayo jalada lake sasa limeshonwa kwa uzi. Nikamuuliza: « Papa, juu ya nini daftari, na si funguo? » Akacheka. « Mtoto wangu, funguo zinauzwa sokoni. Vipimo vya kardani zote nilizofungua kwa miaka 20, nani ataniuzia? »

Wasikilizaji wengi wanatupigia simu juu ya piesi za uongo: umenunua kardani inayong'aa, umeilipa kwa dola, na baada ya mwezi mmoja iko chini barabarani. Leo ninaomba twende mbali kidogo, mpaka Uingereza, kwa watu waliopigana na shida hiyo hiyo kwa gari dogo la mbio. Gari hilo halipiti hapa kwetu, na barabara zetu lisingeziweza hata kidogo. Lakini historia yake inatuonyesha piesi ni nini hasa.

Jina limetoka wapi

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tunasema « kardani » kwa sababu tulilipokea kutoka Kifaransa, nao Wafaransa walilitoa kwenye jina la mtu: Gerolamo Cardano, mganga na mtaalamu wa hesabu wa Italia, aliyeishi kuanzia mwaka wa 1501 mpaka 1576. Katika maandishi yake alieleza namna ya kushikilia kitu kwa mapete yanayogeuka, ili kitu hicho kisipinduke hata kama kinachokibeba kinayumba. Karne iliyofuata, Mwingereza Robert Hooke alichunguza kiungo cha namna hiyo kinachopeleka mzunguko kutoka chuma kimoja kwenda kingine wakati vyuma hivyo viwili havikunyooka. Ndiyo maana Waingereza wanakiita kiungo cha Hooke, wakati sisi na Wafaransa tunamtaja Cardano.

Kiungo hicho kina kasoro moja ambayo kila fundi anaijua kwa mikono yake, hata kama hajaisoma kitabuni. Kikiwa kimepinda, chuma cha pili hakizunguki sawasawa: kinaharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Dawa yake ni kuweka kiungo kingine upande wa pili, kirekebishe kile cha kwanza. Lakini uma za viungo hivyo viwili lazima zipangwe kwa mstari mmoja. Fundi akizirudisha vibaya, hata kwa meno machache, gari zima linatetemeka na shofere analaumu magurudumu.

Mwaka wa 1903, Mmarekani Clarence Spicer alipata hati ya uvumbuzi wa kiungo cha kuendeshea magari, na mwaka uliofuata akaanza kukitengeneza. Magari ya wakati ule mengi yalizungushwa kwa mnyororo kama baiskeli. Kardani ikaufukuza mnyororo.

Gari lenye mpira mahali pa chuma

Mwaka wa 1962, kampani ya Lotus, iliyoanzishwa na injinia Colin Chapman, ilitoa gari dogo la watu wawili lililoitwa Elan. Chapman alichukia uzito. Chasi ya Elan ilikuwa kama uti wa mgongo mmoja wa chuma katikati, na bodi yake ilikuwa ya faiba. Gari zima, lilipotoka mara ya kwanza, halikufika kilo 700. Mwaka uliofuata, dereva Jim Clark alichukua ubingwa wa dunia wa Formula 1 akiendesha Lotus, na jina la kampani likapanda.

Katika Elan, kila gurudumu la nyuma lilipanda na kushuka peke yake. Kwa hiyo difu ilikaa katikati imefungwa kwenye chasi, na kardani mbili fupi zilitoka humo, moja kwa kila gurudumu. Mahali ambapo wengine wangeweka viungo vya chuma, Chapman aliweka mapete manene ya mpira, mawili kwa kila kardani, manne kwa gari zima. Kila pete lina matundu sita: bolti tatu zinalifunga upande mmoja, tatu upande mwingine. Mpira ulikuwa mwepesi, haukuhitaji grisi, na ulikubali kupinda na kuvutika kidogo wakati gurudumu linacheza.

Lakini mpira unajisokota. Ukiachia klachi kwa haraka, mapete yanajikunja kwanza, kisha yanajikunjua, na gari linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Tena mpira unazeeka. Ufa mdogo unaanza karibu na bolti, unakua polepole, mpaka siku moja pete linapasuka gari likiwa mbioni. Hapo kardani inakuwa rungu linalozunguka chini ya gari: linaweza kukata bomba la freni na kupasua bodi ya faiba karibu na mgongo wa shofere.

Piesi mpya iliyo mbaya kuliko nzee

Elan iliacha kutengenezwa mwaka wa 1973. Magari yote ya aina hiyo hayakufika hata 20,000. Kwa kiwanda cha mpira, hilo si soko. Mapete ya asili yakaanza kuadimika, na watu wengine wakaingia kutengeneza yao. Kwa macho yalikuwa sawa kabisa: matundu sita, unene ule ule, rangi ile ile. Lakini wenye magari walianza kulalamika kwamba mengine yanapasuka mapema sana kuliko yale ya zamani, kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa hafifu.

Wengine walidhani wana bahati: walikuta mapete ya asili, hayajawahi kutumika, bado ndani ya karatasi ya kiwanda. Nao wakadanganyika. Mpira hausubiri kufungwa kwenye gari ndipo uzeeke. Ukikaa rafuni miaka 20 unakauka na kupoteza nguvu, hata kama hakuna aliyeugusa. Chuma kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kungoja. Mpira hauwezi.

Hapo ndipo wenye Elan walipogeuka kuwa walimu wao kwa wao. Wengi wao walikuwa wameyafunga magari yale kwa mikono yao. Wakati ule, serikali ya Uingereza ilitoza kodi kubwa gari jipya lililokamilika, lakini gari lililouzwa vipande vipande halikutozwa kodi hiyo. Basi Lotus iliuza Elan nyingi kama mafungu ya piesi, mnunuzi akajijengea nyumbani. Nafasi hiyo ilifungwa mwaka wa 1973, kodi mpya ilipoanza. Lakini tayari kulikuwa na watu waliojua kila bolti ya gari lao. Katika klabu zao waliandika nani ameuza mpira mzuri, nani mbaya, na umedumu muda gani. Mtu aliyetapeliwa hakuona haya kusema mbele ya wenzake.

Kiwanda kikifungwa

Lotus yenyewe haikufa. Wengine hawakupata bahati hiyo. Mwezi wa kumi mwaka wa 1980, kiwanda cha MG kule Abingdon kilifungwa, baada ya kutoa gari la MGB tangu 1962, zaidi ya magari 500,000. Wafanyakazi walienda nyumbani, na mashini zikatolewa. Kwa kawaida, vyombo vya kugonga mabati ya bodi huuzwa kama chuma chakavu. Lakini kampani iliyoundwa mwaka wa 1975 kutunza urithi wa magari hayo, British Motor Heritage, ilivitafuta vile ambavyo bado vilikuwepo, na mwaka wa 1988 ikaanza tena kutoa bodi mpya nzima za MGB. Bodi hizo mpya zilitoka miaka minane baada ya kiwanda kufungwa.

Elan haikuwa na wingi wa namna hiyo. Wokovu wake ulitoka kwa mafundi wadogo, na kwenye magari ya watu wa kawaida. Katika miaka ya 1920, injinia Alfred Rzeppa alivumbua kiungo chenye gololi sita za chuma, kinachozungusha kwa mwendo ulio sawa hata kikipinda. Mwaka wa 1959, gari dogo la Mini lilikitumia kiungo cha aina hiyo mbele, na baada ya hapo kikaenea. Leo gari lolote linalovutwa na magurudumu ya mbele linacho. Fungua teksi yoyote hapa mjini utaziona gololi. Mafundi wa Uingereza walichukua viungo hivyo, wakachonga kardani mpya zenye urefu wa zile za Elan, na wakatengeneza vipande vya kuziunganisha na difu ya zamani. Kurukaruka kukaisha. Baadhi ya wazee wa klabu wanakataa mpaka leo, wanasema gari limepoteza asili yake, na bado wanatafuta mpira mzuri.

Namna wanavyonunua

Mwenye Elan anayetafuta kardani haendi dukani kusema tu « nipe ya Lotus ». Kwanza anasoma namba ya chasi, ajue gari lake ni la toleo gani, maana matoleo hayalingani yote. Anapima urefu kutoka upande wa difu mpaka upande wa gurudumu mara mbili: gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kisha likiwa limeinuliwa na gurudumu linaning'inia. Kardani inayokaa vizuri chini inaweza kukwama gari likiwa juu. Anahesabu matundu na kupima nafasi kati yao. Kama ni mpira, anauliza umetengenezwa mwaka gani. Pete jipya huja limebanwa na ukanda wa chuma ili matundu yalingane na bolti. Akimaliza kufunga, anaukata ukanda huo. Asiyejua huusahau, mpira haufanyi kazi yake, na lawama zinamwendea aliyeuza.

Nilipomsimulia papa fundi habari hii yote, alisikiliza huku akifuta mikono. Kisha akafungua daftari yake akanionyesha ukurasa: urefu, idadi ya meno, idadi ya matundu, na pembeni alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu. Msalaba unamaanisha piesi ya namna ile ilimrudia ikiwa imevunjika. Piesi zinazotufikia kupitia Kasindi, mpya na za okazyo, nyingi hazina karatasi ya kueleza zimetoka wapi. Kurasa kama hizo ndizo ulinzi tulio nao.

Sasa kuna vijana watatu, nao ni wahamaji, wanaojifunza kazi kwake. Nilimuuliza kama wamenakili daftari ile. Alinyamaza kidogo. « Bado. Hatuna daftari zingine. » Jioni ile nilimpelekea tatu. Kama wewe unayesoma ni fundi na una vipimo kichwani, viandike leo, na umpe mwenzako nakala. Kama wewe ni shofere na uliuziwa kardani mbaya, mwambie fundi wako ukweli: ilivunjika wapi, na baada ya siku ngapi. Apate kuweka msalaba wake.