Kupekupe na mashini ya kukata majani: ndugu wa jamaa moja

Kwetu, mutu akisema salongo, kila mumoja anaona kupekupe mu mawazo yake. Neno salongo ni la Kilingala. Lilienea mu miji ya Zaire miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Mobutu, raia walipolazimishwa kusafisha barabara na viwanja. Mbele ya hapo, wakati wa Wabelgiji, wakantonye walikuwa wakifyeka kando ya barabara kwa jasho lao. Njo maana vijana wengi wanahesabu kupekupe kuwa chombo cha mateso na cha watu wa nyuma, na mashini yenye moteri kuwa maendeleo. Hesabu hiyo haiko sawa, na tutaonyesha sababu.

Tuangalie kwanza namna jani linavyokatwa. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni ya mukasi: makali mawili yanakutana, jani linabanwa katikati. Ya pili ni ya kuteleza: wakulima wa Ulaya walikuwa na fyekeo refu lenye ulimi uliopinda, na makali yake yanapita juu ya jani kama kisu juu ya mukate. Ya tatu ni ya kupiga: makali ni mamoja tu, hakuna kitu cha kushikilia jani. Hapo kinachosaidia ni mbio. Ukipiga polepole, jani linainama na kusimama tena. Ukipiga kwa mbio, halipati nafasi ya kuinama, linakatika.

Mashini ya kwanza ilifuata njia ya mukasi. Mu mwaka 1830, fundi Mwingereza Edwin Budding, wa karibu na Stroud, alipata hati ya uvumbuzi wake. Kule kulikuwa viwanda vya nguo, na Budding aliona mutambo uliokuwa ukinyoa manyoya juu ya kitambaa cha sufu. Akafikiri: kama unanyoa kitambaa, kwa nini usinyoe majani? Akatengeneza silinda yenye visu vilivyojipinda, vinavyozunguka na kupita juu ya kisu kimoja kisichotembea. Mashini hii haiombi mbio kubwa, mutu anaisukuma tu akitembea. Inakata safi kabisa. Lakini majani yakiwa marefu inashindwa, na jiwe dogo likiingia kati ya visu, linaharibu makali.

Zaidi ya miaka 100 ilipita. Mu mwaka 1952, kule Sydney, Australia, Mervyn Victor Richardson alianza kutengeneza mashini nyepesi yenye jina Victa. Visu vyake vinazunguka ubavu-ubavu chini ya kifuniko, bila kisu cha pili. Ni njia ya kupiga. Tufanye hesabu kidogo: kisu chenye upana wa sentimeta 50, kikizunguka mara 3.000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu metre 78 kwa sekunde, ni kusema zaidi ya kilometa 280 kwa saa! Mu mwaka 1971, Mumarekani George Ballas wa Houston aliondoa hata chuma, akaweka uzi wa nailoni. Uzi ule ni laini, lakini kwa sababu ya mbio unakata.

Sasa musomaji ameisha kuelewa. Kupekupe, ule ulimi mwembamba wa chuma uliopindwa mbele, ni wa jamaa ya Victa, hauko wa jamaa ya Budding. Mukono na kiuno njo moteri yake. Ncha inakwenda mbali na bega, kwa hiyo inapata mbio kuliko mukono wenyewe. Wafuachuma wetu wanaoufua kwa vyuma vya magari ya zamani wanatumia fizike ile ile ya viwandani, hata kama hawakuisoma ku masomo.

Lakini jamaa moja, ugonjwa mumoja. Makali yakiwa butu, njia ya kupiga haikati tena, inapasua. Ncha za majani zinakauka na kugeuka rangi, na mufanyakazi anachoka mara mbili. Ile mashini inaficha ubutu kwa nguvu ya moteri na kwa esansi. Kupekupe inauweka juu ya mugongo wa mutu. Tena, zote mbili zinarusha mawe. Watoto wasimame mbali.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tukituma wanafunzi kufyeka kiwanja, tusiwape chuma butu halafu tuwaite wavivu. Tupa ya kunoa iwe ya kwanza kununuliwa. Na siku moja ya kufyeka iwe somo la fizike: mbio, uzito, makali. Chombo kilicholetwa kwa kulazimishwa kinaweza kufundisha, kama mwenye kukishika anajua kwa nini kinakata.